Majina Kabla ya Wimbo

Nchi yetu ni ndogo, lakini isidharauliwe. Tuna kituo kimoja cha redio, taa moja ya kuongozea magari, na waheshimiwa mia mbili na kumi na wanne. Wageni hutuuliza waheshimiwa wote hao wanaifanyia nini nchi ndogo namna hii. Huwa tunawajibu kwa adabu kwamba wanahudhuria. Shughuli yoyote, iwe uzinduzi wa choo cha soko au kumuaga ng'ombe wa serikali anayestaafu, wao wapo, wamekaa mstari wa mbele, wanatazama saa.

Mimi naitwa Bakili Mtepa, na ni meneja wa bendi. Kwetu meneja wa bendi ni yule anayetafuta ukumbi, anayebandika matangazo ukutani na kufukuzwa na mwenye ukuta, anayembembeleza mwimbaji aliyenuna, na anayeitwa wizarani jambo likiharibika. Likienda vizuri, anayepigiwa makofi ni waziri. Sinung'uniki. Nasema tu ili muelewe nafasi yangu katika mambo yaliyotokea, ambayo ni ndogo sana, na nimeshaandika hivyo kwenye maelezo yangu polisi.

Bendi yangu ni Mchakamchaka Jazz, watu saba na viti sita. Mwimbaji wetu ni Mwanakombo, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye sauti ya kumlaza mtoto mchanga na kumwamsha karani wa serikali. Rapa wetu ni Chikungwa, bwana mwembamba mwenye mapafu ya fahali, na kazi yake ni kutaja majina.

Wapenzi wa dansi wanaijua desturi hii. Wimbo ukishachanganya na magitaa yakaanza kwenda mbio, rapa hushika kipaza sauti akawataja watu waliotufaa. Fulani wa duka la vitambaa, yupo! Bibi fulani aliyetunywesha chai, yupo! Anayetajwa huinuka, hucheza hatua mbili, hukaa, na kwa siku tatu nyumbani kwake hakuna anayembishia. Ni desturi nzuri, na haikumdhuru mtu yeyote mpaka serikali ilipoisikia.

*

Ilianza na supu. Tulikuwa tunapiga redioni, moja kwa moja, na Chikungwa akamtaja Mzee Kirobo, muuza makongoro wa stendi, kwa kuwa asubuhi ile alituongezea mchuzi. Kumbe Waziri wa Nyimbo na Shangwe, Mheshimiwa Dakta Gwao Sumbi, alikuwa anasikiliza ndani ya gari. Msafara wake ulisimama katikati ya barabara. Pikipiki za mbele hazikujua, zikaendelea, na nasikia zilivuka mpaka.

Niliitwa wizarani mchana uleule.

"Bwana meneja," waziri aliniambia bila kunikaribisha kiti, "huyo mzee wa makongoro ana wizara?"

"Hana, mheshimiwa. Ana sufuria."

"Na mimi nina nini?"

"Wizara, mheshimiwa."

"Sasa?"

Wiki iliyofuata Chikungwa akamtaja waziri. Siku ya pili naibu wake akanipigia simu kuulizia afya yangu. Siku ya tatu akapiga katibu mkuu, naye akaulizia afya yangu kwa sauti ambayo ilinifanya niikumbuke kweli. Kufikia mwisho wa mwezi zilitoka Kanuni za Utajaji, kurasa tisini, zenye picha ya waziri mbele na nyuma. Kanuni ya kwanza ilisema msanii hataimba neno lolote la wimbo wowote kabla ya kuwataja viongozi wote wa nchi kwa vyeo vyao kamili, kuanzia juu kushuka chini, kisha aseme "itifaki imezingatiwa", ndipo aimbe kama bado anataka. Majina yaliwekwa mwanzoni, waziri alifafanua, kwa sababu uchunguzi umeonyesha kwamba wimbo huwachosha wasikilizaji.

Ili kusimamia kanuni hizo ilianzishwa Kurugenzi ya Utajaji, yenye mkurugenzi mmoja na manaibu wawili. Kwa hiyo waheshimiwa wakawa mia mbili na kumi na saba.

*

Sasa niwaeleze shida ya Mwanakombo, maana yeye ndiye aliyeumia, mimi nilikuwa nazunguka tu.

Mwanakombo alikuwa ametunga wimbo unaoitwa "Moshi wa Jiko Lako". Aliutunga kwa ajili ya mama yake, Bi. Sihaba, ambaye kwa miaka arobaini alikaanga vitumbua kwenye lango la hospitali, na kwa vitumbua hivyo akamlea mtoto wake peke yake. Wimbo ulikuwa mzuri. Siku tuliyoujaribu mara ya kwanza, mpiga besi, ambaye hajawahi kulia hata alipofiwa na besi, aliomba ruhusa akatoka nje.

"Bakili," Mwanakombo aliniambia, "sikio la kulia la mama limekwisha. La kushoto daktari kasema halifiki masika ya mwakani."

"Basi nenda kamwimbie nyumbani. Leo hii."

"Nilikwenda. Kanikataza. Kaniambia nyumbani hata jogoo anaimba. Anataka anisikie redioni."

Na alikuwa na sababu zake. Jirani wa Bi. Sihaba, aitwaye Bi. Mpaji, alikuwa na mtoto anayesoma hali ya hewa redioni. Kila siku saa sita mchana kijana huyo alisema kutakuwa na jua, na kila siku Bi. Mpaji aliifungua redio mpaka mwisho, akaegemea ua, na kuuliza kama huko ng'ambo wanamsikia mwanawe vizuri. Miaka kumi na miwili Bi. Sihaba alikuwa anajibu kwamba anamsikia. Alitaka siku moja naye aegemee ua.

Jambo dogo, mtasema. Redio ipo, wimbo upo, mama yupo. Tatizo redio ilitupa dakika kumi na tano na si zaidi, kwa sababu baada yetu inakuja taarifa ya habari, na taarifa ya habari haiwezi kusubiri majina ya waheshimiwa kwa kuwa nayo ni ya waheshimiwa haohao. Chikungwa alifanya mazoezi wiki tatu, anavuta pumzi kwa pua bila kufunga mdomo. Alianza na Mtukufu Kiongozi wa Nchi, akashuka kwa mawaziri, manaibu, wakuu wa mikoa yote miwili, mpaka Kaimu Msaidizi wa Mtunza Bendera. Alipofika "itifaki imezingatiwa" zilikuwa zimepita dakika kumi na nne na sekunde hamsini na sita. Mpiga solo akagusa uzi mmoja. Mwanakombo akafungua mdomo. Ikalia pii ya habari.

Tulirudia mara tisa, kwa miezi tisa. Pia tulikuwa tukiingia studio kurekodi majina upya kila Mtukufu alipobadilisha baraza, na Mtukufu alibadilisha baraza kama wengine wanavyobadilisha soksi. Bi. Sihaba, kila mara, alikaa na sikio la kushoto limegandamizwa kwenye redio, akayasikiliza majina yote mia mbili na kumi na saba, kisha akasikia mvua haitanyesha.

*

Kilichofuata mimi sikukipanga, ingawa matangazo niliyabandika.

Majina yakapendwa. Sijui ilikuwaje, labda ni ule mwendo wa Chikungwa, labda watu walikuwa hawana kitu kingine cha kusikiliza, kwa kuwa kweli hawakuwa nacho. Watoto wa shule wakayarukia kamba. Kwenye harusi bibi harusi alianza kuingia anapotajwa Naibu Waziri wa Mifugo na kufika jukwaani anapotajwa Mkaguzi wa Mizani. Vilabuni watu walikuwa na mtindo wa kucheza wenye mikono mifukoni, uitwao "mheshimiwa kachoka". Tukapata mialiko mpaka kwenye vikao vya ukoo.

Mwisho wa mwaka "Moshi wa Jiko Lako" ukashinda tuzo ya Wimbo Bora, ingawa hakuna aliyewahi kuusikia. Majaji walisifu hasa mashairi yake. Waziri Gwao Sumbi akamkabidhi Mwanakombo kikombe, akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani wasanii wetu walikuwa wanaimba ovyo. Mtu anaamka tu, anaimba mapenzi! Anaimba mvua! Leo tumefika mahali msanii anatoa wimbo mzima bila kuimba. Haya ni maendeleo, na mataifa makubwa yanatuonea wivu."

Mwanakombo alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Nyuma ya jukwaa alikikalia kwa kuwa viti vilikuwa sita, akalia kwa uchungu.

"Nimepewa tuzo ya kunyamaza, Bakili. Nimwambie nini mama?"

Nilimwambia kikombe kinafaa kuweka unga. Nilikuwa sijui la kusema, na mtu akiwa hajui la kusema husema la unga. Nilijiona mjinga, na nilikuwa mjinga.

*

Halafu ukaja uzinduzi wa mizani ya mkaa, na Chikungwa akameza inzi.

Alikuwa katikati ya majina ya baraza la mawaziri, mdomo wazi, anavuta kwa pua kama kawaida. Inzi akaingia. Chikungwa hakusimama, ni mtu wa kazi, lakini wakati anammeza inzi ulipita muda wa jina moja. Jina hilo lilikuwa la Waziri wa Maji, Mheshimiwa Injinia Dunda Mbwela.

Ni lazima mjue kwamba katika nchi yetu mtu haambiwi kwamba ametenguliwa. Barua zina gharama ya hisia. Mtu husikia tu kwamba hatajwi. Na kwa kuwa orodha yetu ilitoka Kurugenzi kila asubuhi, ikiwa bado ina joto la mashine, watu wote waliamini kwamba Mchakamchaka Jazz ndiyo yenye mkeka wa kweli, yaani majina ya waliobaki na waliotumbuliwa.

Mheshimiwa Mbwela aliinuka polepole. Alichomoa bendera kwenye gari lake, akamkabidhi dereva, akamshukuru kwa ushirikiano, na kwenda nyumbani kwa miguu. Kufikia alasiri naibu wake alikuwa ameshabadilisha mapazia ya ofisi. Mtukufu alipopata habari kwamba Waziri wa Maji ameondoka, alifikiri kwamba ni yeye mwenyewe aliyemfukuza akasahau, maana ana mengi, akasaini hati ya kumtengua.

Mimi niliona ajali tu, na nikamnunulia Chikungwa maji. Mwanakombo alikaa anaitazama ile orodha, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

*

Sikukuu ya Uhuru iliangukia wiki moja kabla ya masika. Ndiyo siku pekee ambayo redio hurusha matangazo kutoka uwanjani asubuhi nzima bila kukatiza kwa taarifa ya habari, kwa kuwa wasoma habari nao huja kuhudhuria. Nilikuwa nimehesabu kila kitu: majina dakika kumi na tano, kisha wimbo, na pii haipo. Nikamtumia Bi. Sihaba ujumbe asikae mbali na redio.

Saa nne asubuhi, tukiwa tumeshapanda jukwaani, mkurugenzi wa Utajaji akanikimbilia na karatasi. Akafuatwa na naibu wake na karatasi. Kwa heshima ya sikukuu, walisema, waheshimiwa wametajwa pamoja na wake zao, elimu zao, na nchi walizowahi kuzuru. Nilipima lile rundo kwa mkono. Lilikuwa na uzito wa kuku wa wastani.

"Hii itachukua muda gani?" nilimuuliza Chikungwa.

"Mpaka saa nane. Nisipokohoa."

Matangazo yalikuwa yanakatwa saa sita. Nikamtazama Mwanakombo. Hakulia safari hii. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yanauliza swali moja, na yalikuwa yananiuliza mimi. Kwenye bendi yetu hakuna mtu anayeanza mpaka meneja ahesabu. Ndiyo kazi pekee ya muziki niliyopewa: moja, mbili, tatu.

Niseme ukweli, niliogopa. Nina mke, nina watoto wanne, nina leseni ya bendi inayokwisha mwezi wa sita. Mbele yangu walikaa waheshimiwa mia mbili na kumi na saba wameweka makoti yao sawa, tayari kuinuka. Lakini nilimwona akilini yule mama, sikio moja kwenye redio, na jirani kaegemea ua.

"Moja," nilisema. Sauti yangu ilitoka nyembamba. "Mbili. Tatu."

Na Mwanakombo akaimba.

*Moshi wa jiko lako, mama, ulinifuata shule,*
*wenzangu walinicheka, nikanuka vitumbua;*
*leo naupita mji, nanusa kila mlango,*
*nautafuta moshi wako, mama, nijue nimefika.*

Mstari wa mbele uliendelea kungoja majina. Walidhani ni utangulizi. Ubeti wa pili ulipoanza, wakaanza kutazamana. Waziri Gwao Sumbi aliinua kidole, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akakishusha. Hakutajwa. Wala naibu wake hakutajwa. Hakutajwa mtu.

Aliyetangulia kusimama ni Mkaguzi mpya wa Mizani, kwa kuwa alikuwa hajazoea cheo. Kisha wengine, safu kwa safu, wakaenda kwenye magari kuchomoa bendera. Shida ikawa wa kumkabidhi, maana madereva walikuwa wamekwenda kusikiliza wimbo, na kila waliyemfuata naye alikuwa anatafuta wa kumkabidhi. Mwishowe muuza maji akawaazima beseni. Walipanga foleni, wakatumbukiza bendera moja moja, wakapeana pole na kwenda nyumbani kwa miguu. Nilimwona Mheshimiwa Mbwela wa Maji, aliyekuja kama raia, akiwaelekeza njia ya mkato.

Akabaki Mtukufu peke yake kwenye kiti kikubwa. Alisubiri jina lake mpaka ubeti wa nne. Kisha naye akainuka, akanyoosha koti, akarudi Ikulu kufunga sanduku. Nasikia alimwambia mlinzi kwamba atakayekuja aambiwe ufunguo uko chini ya zulia la mlangoni.

Sisi tuliendelea. Uwanja mzima ulikuwa hauna kiongozi hata mmoja, na watu hawakujua wafanye nini na mikono yao. Mwanzoni walisimama tu. Halafu Mzee Kirobo wa makongoro akaanza kucheza, taratibu, macho kafumba, na wengine wakamfuata. Wimbo ulipokwisha wakaomba tuurudie, tukaurudia. Mimi nilikuwa naifuta pua kwa ukurasa wa Naibu Waziri wa Mifugo.

Ripoti rasmi inasema nchi ilikaa bila serikali kwa muda wa karibu saa sita na haikugundua. Taa yetu iliendelea kuongoza magari. Kufikia saa kumi Mtukufu, akiitafuta hati ya kutenguliwa kwake, alikumbuka kwamba anayesaini hati hizo ni yeye. Alijiuliza kama alijifukuza, akakanusha, akafungua sanduku. Kesho yake niliitwa wizarani na kuulizwa kwa nini sikuwataja viongozi, nami nikajibu kwamba nilipotazama sikumwona kiongozi wa kumtaja. Jibu hilo bado linachunguzwa.

*

Lakini siku ileile, saa tisa alasiri, serikali ikiwa bado nyumbani, tulikwenda kwa Bi. Sihaba, bendi nzima na vyombo vyetu. Tulimkuta uani, kwenye kigoda, redio iko mapajani imezimwa. Mwanakombo alipiga magoti mbele yake, upande wa kushoto.

"Mama. Umesikia?"

Bi. Sihaba akamshika mwanawe kichwa.

"Nimesikia. Neno kwa neno. Hata pale ulipovuta pumzi nimesikia." Akamfuta machozi kwa pindo la kanga. "Na nimeegemea ua mpaka mbavu zinaniuma."

Mwanakombo alilia, mpiga besi akaomba ruhusa akatoka nje, ingawa tulikuwa tayari nje.

"Ila mwanangu," Bi. Sihaba akaendelea.

"Nini, mama?"

"Mbona hamkunitaja?"

Tulitazamana. Chikungwa akakohoa, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama katikati ya ua.

"Bi. Sihaba binti Athumani!" alinguruma. "Mkaangaji Mkuu Mstaafu wa Lango la Hospitali! Mzazi wa mwimbaji! Yupooo!"

Mama aliinuka, akacheza hatua mbili, akakaa. Uso wake ulikuwa umejaa raha kiasi kwamba nilisahau kuhusu leseni yangu.

Kukasikika kikohozi upande wa pili wa ua. Alikuwa Bi. Mpaji.

"Vizuri sana," alisema. "Lakini betri za hiyo redio si nilizitoa mimi?"

Nyuma yake alisimama mwenye duka aliyeuza betri. Nyuma ya mwenye duka walisimama watu wengine, wametulia, wameweka nguo zao sawa, na foleni ilikuwa imeshafika kisimani. Nikachukua orodha ya serikali, nikaigeuza upande usioandikwa, nikaomba kalamu.